Natoka Texas nahamia California na bunduki zangu mbili, usajili wa raifo na shotigani huko ukoje?

DerevaWaMbali

Wakuu habari zenu, shikamooni wakubwa wote humu. Nimekaa Houston miaka saba naendesha lori, sasa kazi imenihamishia Sacramento mwisho wa mwezi na mama watoto keshaanza kufunga maboksi. Nina bunduki mbili, shotigani Mossberg 500 ile ya kupampu na raifo Remington 700 ya kukoki kwa mkono, zote za nguruwe pori basi, sina ugomvi na mtu. Huku Texas nilinunua kama mtu anavyonunua jembe, nikatoa leseni na grinkadi, nikajaza ile fomu 4473 ya serikali kuu ya mnunuzi wa bunduki, muuzaji akapiga simu nichunguzwe, kama dakika kumi na tano hivi akaniambia haya chukua mzigo wako. Siku hiyo hiyo nikaondoka nayo imelala siti ya nyuma na mkate wa watoto juu yake.

Sasa kila ninayemuuliza kuhusu California ananitisha, huyu anasema bunduki ndefu zinasajiliwa kama gari, yule anasema unakaa siku kumi unasubiri, mwingine anasema hata risasi unapekuliwa. Naomba mwenye uzoefu anieleze taratibu maana mtandaoni naona Wazungu wanatukanana tu, sipati jibu. Hizi mbili naingia nazo vipi? Na nikitaka shotigani ya pili inakuwaje, kijana wangu ana miaka 19 ameanza kupenda pori. Halafu shemeji yangu hapa ana AR-15, ile raifo ya mtindo wa kijeshi inayojikoki yenyewe, anataka kuniachia niondoke nayo, anasema bunduki ni bunduki. Na la mwisho, wakishaandika jina langu kwenye daftari lao si ndo mwanzo wa kuja kuzichukua?

MkaaMtoni_916

Karibu Sacramento mkuu, ila joto la Julai utadhani uko Dodoma.

Nianze na la shemeji maana hilo ndo litakufunga. HIYO AR-15 USIJE NAYO. Mwambie ahsante na umwachie palepale. California walianza kupiga marufuku hizo mwaka 1989, baada ya yule mtu kuingia shule ya msingi Stockton mwezi wa kwanza akaua watoto watano, na Stockton hapa kwetu ni kama saa moja tu kwa gari, wapo watu wazima walikuwa wanafunzi siku ile. Sheria imekazwa mara kadhaa tangu hapo, dirisha la mwisho kubwa la kusajili zile zilizokuwa zimebadilishwa kidogo ili zipite lilifungwa katikati ya 2018. Ukiingia nayo leo hakuna cha kusajili, ni kosa la jinai moja kwa moja, na wewe una grinkadi, kosa la jinai la silaha kwa mwenye grinkadi najua unaelewa linaishia kwenye ndege gani. Na magazini (vile visanduku vya kulishia risasi) zinazobeba zaidi ya risasi 10 nazo ziache hukohuko.

Zako mbili hazina shida. Ya kupampu na ya kukoki kwa mkono ni bunduki za kawaida kabisa kwa sheria za huku. Ukishaingia kama mkazi una siku 60 kuziripoti Idara ya Sheria ya jimbo, kuna fomu ya wakazi wapya, unajaza mtandaoni au unatuma kwa posta, ada dola 19. Wanataka aina, modeli, kaliba (ukubwa wa tundu la mtutu) na ile namba iliyochongwa kwenye chuma, hiyo namba nakili kwa tochi na miwani, mimi niliandika 8 mahali pa B nikakaa wiki tatu naandikiana barua na watu nisiowajua.

MkaaMtoni_916

Nimesahau kununua mpya. Hapa ndo tofauti na Texas. Unafika dukani, kwanza cheti cha usalama wa silaha, mtihani wa maswali 30 upate 23, dola 25, kinadumu miaka 5. Ila ukiwa na leseni hai ya uwindaji ya California, kwa bunduki ndefu hicho cheti husamehewa, kwa hiyo wewe kama ni mtu wa nguruwe kata leseni kwanza, mafunzo ya uwindaji uliyofanya Texas wanayakubali. Kisha unajaza taarifa za mauzo, dola 37 na senti 19, unaonyesha dukani kwamba unajua kuishika bila kuua mtu, halafu unaiacha palepale unaondoka mikono mitupu. Siku 10. Na sio siku 10 za kuhesabu kwa vidole, ni masaa 24 mara kumi, ukilipa saa tisa na robo alasiri basi siku ya kumi ukifika saa tisa kamili wanakuambia kaa hapo kwenye benchi. Na usipoenda kuichukua ndani ya siku 30 unaanza upya na kulipa upya. Hata kama una bunduki ishirini nyumbani unasubiri tu, watu walishalipeleka mahakamani hilo wakashindwa 2016.

Bei nayo jiandae, tangu Julai 2024 kuna kodi ya asilimia 11 ya bunduki na risasi juu ya ile kodi ya mauzo ya kawaida. Kisheria ni ya muuza duka ila nani asiyejua inaishia kwa nani. Shotigani ya dola 500, hiyo peke yake ni dola 55.

MamaTatu_Fresno

Kaka DerevaWaMbali pole na safari. Wanaume humu mnaongelea kununua bunduki, mimi nitakuambia mahali usajili unapouma kweli, ni RISASI.

Mimi shotigani yangu nilinunua 2012 hapahapa California, halali, karatasi ninayo, siku kumi nilisubiri. Sasa mwaka 2019 mwezi wa nane mwishoni nikaenda duka moja kununua risasi za njiwa, msimu wa njiwa unafunguliwa tarehe 1 Septemba na huku Fresno ile asubuhi ni kama Idi. Kijana wa dukani akapitisha leseni yangu kwenye mashine, akaangalia kioo, akaangalia mimi, akapitisha tena, akaniambia mama hapa umekataliwa. Nikamwambia nimekataliwa nini? Eti mfumo unasema hauna bunduki kwa jina lako. Nyuma yangu foleni ya watu kumi na mbili wote wananitazama kama nimeiba, nina vitenge vyangu na pochi mkononi.

Ikabidi nirudi nyumbani nisome. Kumbe hivi: zamani ukinunua bastola jimbo liliandika jina lako na namba na kuweka. Ukinunua raifo au shotigani walikuchunguza, ukishapita wanafuta. Gavana Brown ndo alisaini sheria 2011 kwamba na bunduki ndefu nazo zihifadhiwe kama bastola, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2014. Kwa hiyo yangu ya 2012 ni kama haipo duniani. Na Julai 2019 wakaanza kumkagua kila mnunuzi wa risasi, na ule ukaguzi wa haraka unatafuta jina lako na anwani yako kwenye lile daftari la bunduki. Usipokuwemo, au ulihama nyumba hukubadilisha, unarudi mikono mitupu. Kuna ukaguzi mwingine wa dola 19 usiohitaji uwe kwenye daftari ila unachukua siku kadhaa na unatumika mara moja tu.

Sasa cheki utani wake, sheria ile watu waliipinga wakisema ni ya kuwajua wenye bunduki, mimi ndo nililipa dola zangu mwenyewe kujaza fomu ya kuomba NIANDIKWE. Msimu wa njiwa ule nilikula kuku.

Kwa hiyo kaka zile siku 60 usizione kama usumbufu, ripoti wiki ya kwanza, na ukihama nyumba badilisha anwani. Na leseni ya udereva chukua ile ya Real ID, inayotimiza masharti ya serikali kuu, ile nyingine iliyoandikwa "Federal Limits Apply" watakudai na pasipoti au cheti cha kuzaliwa juu yake. Kuhusu huo ukaguzi wa risasi wenyewe kuna kesi inapanda na kushuka mahakamani miaka sasa, kwa hiyo kabla hujaendesha gari piga simu dukani uulize leo wanafanyaje.

Nimesahau, kuwindia risasi za risasi hakuna tena huku tangu Julai 2019, yaani zenye madini ya lead, unatumia zisizo na lead kama za shaba au chuma, ndege aina ya kondori walikuwa wanakufa kwa kula mizoga. Zile boksi zako za Texas utazimalizia kwenye shabaha.

KobeMzee

Nasoma naona watu wanashangilia kuandikwa. Mimi napinga, na nitasema kwanini. Juni 2022 hiyohiyo Idara ya Sheria ya California ilifungua ukurasa wake mpya wa takwimu za bunduki, wakaacha mlango wazi, majina na anwani za watu kama 192,000 walioomba vibali vya kutembea na silaha yakawa nje kila mtu anapakua. Nyumba zao, tarehe zao za kuzaliwa. Mwizi anataka nini zaidi ya hapo? Serikali kuu yenyewe ilikatazwa na sheria ya 1986 kuwa na daftari la wenye bunduki, zile fomu 4473 zinakaa kwa muuzaji, na polisi wakiokota bunduki wakataka kujua aliinunua nani, inabidi wapige West Virginia kwenye kituo cha serikali kuu cha kufuatilia bunduki, huko wanafuata kiwanda, kiwanda kinasema duka, duka linatafuta karatasi. Walijua wanachofanya walipoweka hivyo. Majimbo ndo yanajifanya yana akili zaidi.

MkaaMtoni_916

Mzee KobeMzee hilo la kuvuja kweli ni aibu na siwatetei. Ila majina na anwani zile zilikuwa za orodha ya vibali vya kubeba, sio daftari la raifo za watu. Na daftari lina kazi yake, kuna kitengo tangu 2006 kinalinganisha wenye bunduki na waliopoteza haki ya kuwa nazo, mtu kapigwa zuio na mahakama kwa kumpiga mkewe, wanajua ana ngapi kabla hawajagonga mlango. Kabla ya 2014 walijua zaidi bastola, shotigani iliyoko chini ya kitanda hawakuijua. Mimi nina mabinti wawili, hapo siwezi kusema ni upuuzi.

KobeMzee

Mabinti na mimi ninao. Tusitishane kwa mabinti.

BabaWaMapacha

Tuache ugomvi, jamaa kauliza kuhusu kijana wake na hakuna aliyemjibu.

Mkuu, huku kununua bunduki yoyote ni miaka 21, waliipandisha Januari 2019. Ila mwenye miaka 18 hadi 20 akiwa na leseni hai ya uwindaji anaweza kununua bunduki ndefu ya kawaida, sio raifo za semi otomatiki, zile zinazojikoki zenyewe. Kwa hiyo kijana wako akate leseni ya uwindaji anunue ya kupampu kwa jina lake, siku kumi zake asubiri mwenyewe. Wewe usinunue kwa jina lako halafu ukamkabidhi kimyakimya, ile fomu inauliza wewe ndo mnunuzi halisi? Ukimnunulia rafiki ukajibu ndiyo umeshadanganya serikali kuu, na hilo halina mswalie Mtume.

Kumpa mtoto wako wa kumzaa inaruhusiwa, hamhitaji kupita dukani, ila yeye awe na leseni au cheti kabla hajaipokea, na aripoti ndani ya siku 30, tena dola 19. Sasa hapa ndo wabongo tunachanganywa. Sheria yao ya familia ni mzazi na mtoto, babu au bibi na mjukuu, mke na mume. BASI. Kaka na dada hawamo! Nilibishana na mtu wa dukani nikimwambia huyu ni mdogo wangu tumbo moja, akaniambia pole, nyie kwa karatasi hii ni watu baki, lipieni dukani kama mnauziana. Ikabidi tusimame kaunta mimi na mdogo wangu, dola 37 na senti 19 za jimbo na dola 10 za duka, nampa bunduki niliyomfundishia mwenyewe kupiga, na siku kumi ikalala kwa mgeni. Baba mdogo ndo usiseme, kwetu baba mdogo ni baba, kwao ni mtu tu unayefanana naye. Mjomba vilevile. Shemeji ndo kabisaa hahaha.

Juma_F1

Samahani wakubwa, mimi niko chuo kwa viza ya mwanafunzi, nyie wote mnaongea kuhusu grinkadi. Sisi tunaruhusiwa?

BabaWaMapacha

Mdogo wangu kwa kawaida mwenye viza ya muda hairuhusiwi hata kumiliki risasi moja, ni sheria ya serikali kuu sio ya jimbo. Kuna mlango mmoja, leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la humu Marekani, ikiwa hai. Lakini ushauri wangu kama kaka, soma umalize. Na usiende kupiga picha umeshika ya mtu ukaweka mtandaoni, nawajua nyie.

Na swali la bangi mkijaza ile fomu msijichanganye, California bangi inauzwa dukani kama maandazi lakini fomu ni ya serikali kuu, na fomu yenyewe imeandika kabisa kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi kitu.

kipara254

Wasee mimi niko Reno, Nevada, saa mbili tu kutoka Sacramento. Kila wikendi naona magari ya California kwa parking ya maduka ya bunduki. Si mtu anunue tu huku arudi nayo, mbona mnajitesa hivi? Raifo si mtu wa jimbo lingine anaweza uziwa?

MkaaMtoni_916

Buda hapo ndo watu wanaponasa. Ni kweli kwa sheria ya serikali kuu raifo na shotigani unaweza kuuziwa jimbo lingine, bastola ndo huwezi. Lakini kwa mkazi wa California tangu 2015 bunduki uliyopata nje lazima itumwe kwa muuzaji wa hapa, usajiliwe, usubiri siku zako kumi, huwezi kuvuka nayo mpaka mwenyewe. Na risasi tangu 2018 vilevile. Wale unaowaona parking, nusu wanaenda kamari, nusu wanajitafutia kesi.

MtuWaUrambo

Mnanikumbusha mzee wangu Tabora. Alikuwa na gobore la babu yake, la kushindilia baruti kwa mbele, mtutu umefungwa waya mahali pawili. Serikali ilipotangaza uhakiki wa silaha akalifunga ndani ya kanga ya mama, akapanda baiskeli mpaka kituoni, kilomita nyingi tu, akapanga foleni na wazee wenzake kila mmoja na kanga yake. Askari akamuuliza mzee hili linapiga kweli? Akajibu linapiga likitaka. Wakaliandika. Kwetu bila leseni huna bunduki, tuna sheria mpya ya 2015, ukizungumza Texas mzee anadhani unamtania.

Sasa kituko ni kwamba gobore lile huko mliko kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani wala halihesabiwi bunduki, kitu cha kale. Kila kilichotengenezwa kabla ya 1899 na haya ya kushindilia baruti kwa mbele yapo pembeni. Yaani mzee aliyepanga foleni Urambo ndo angekuwa huru Marekani.

DerevaWaMbali

Ahsanteni sana wakuu, mmenifungua macho, dada wa Fresno umeniokoa maana mimi boksi za risasi nilikuwa nishazipanga chini ya kitanda cha lori.

Nimefanya hivi. AR-15 nimemrudishia shemeji, amenuna, dada yake ananiuliza umemfanyia nini kaka yangu. Namba za zile mbili nimezinakili mara mbili na kupiga picha kwa tochi, ya Mossberg ipo ubavuni, ya Remington ilikuwa imejaa mafuta na vumbi nikaisugua kwa mswaki wa mtoto (msimwambie mama yake). Kijana nimemwambia atafute leseni ya uwindaji mwenyewe, kaanza kuuliza eti kama mtihani una maswali ya kuchagua.

Swali moja limebaki. Kwenye grinkadi yangu majina ni matatu, la baba na la babu yamo, kwenye leseni ya Texas waliniandika mawili. Hiyo fomu ya siku 60 nijaze lipi?

MamaTatu_Fresno

Usijaze lolote kwanza!! Nenda ukakate leseni ya California, waambie waandike majina kama yalivyo kwenye grinkadi herufi kwa herufi, halafu hayohayo ndo ujaze kwenye fomu. Mume wangu yalipishana jina la babu tu, ile ya kununua ikawekwa kiporo siku 30 badala ya 10, kila siku anapiga simu dukani wanamwambia bado mzee. Bunduki yenyewe tulikuja kuichukua msimu umeshafungwa.